Kabla Hujanihesabia Pesa, Lemashon

Kaa kwanza. Ufunguo hautoroki.
Nitakusomea gari hili lilivyo,
si vile Gathogo alivyolisifu.

Injini dizeli, silinda sita foleni moja,
lita nne na pointi mbili.
Gia tano. Ya pili huingia ikipenda,
na asubuhi za Julai haipendi.
Sipringi za nyuma majani tisa. La kumi
aliliongeza fundi Okumbe, Kirinyaga Road,
mwaka tulioanza kubeba ngozi
toka machinjio ya Dagoretti hadi Industrial Area,
ngozi mbichi za chumvi, zikidondosha,
nzi wakitusindikiza mpaka Adams.

Kitabu kinasema tani moja na robo.
Sisi tulisema, "Tupia na hizo mbili."

Sasa breki.
Mbele diski, nyuma ngoma.
Ngoma zimekerezwa mara mbili,
hazina nyama ya mara ya tatu.
Ukikanyaga ghafla linavuta kushoto
kama ng'ombe aliyeona majani:
pistoni ya kulia imekwama.
Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, usilaumu mguu,
ni ile pampu ndogo nyuma ya oltaneta,
na busta bila pampu ni sufuria tu.
Pedali ikizama hadi sakafuni, hiyo ni masta.
Raba zake zimechoka, zinapitisha mafuta ndani kwa ndani,
chini huoni hata tone.
Kanyaga mara tatu, itapanda.

Gathogo alikanyaga mara tatu kwa miaka minne.
Nilikaa kando yake nikidhani
mguu wake unafuata redio.

Inama hapa, karibu na difu.
Waiona fimbo hii na vali yake?
Kazi yake kupima mzigo:
sipringi zikilala, breki za nyuma ziongezwe nguvu.
Iliganda kwa kutu, sijui lini.
Upakie tani mbili, upakie mto wa kulalia,
yenyewe inajua gari ni tupu.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Aliyesema hivyo hakuwahi kulala chini ya pikapu,
lakini vali hii aliijua.

Valley Road, Alhamisi, manyunyu.
Kwanza ilikuja harufu, maharagwe yanaungua.
(Okumbe alinieleza baadaye:
mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani,
yakizeeka huchemka upesi, yakichemka ni povu,
na povu halisukumi kitu.)
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne ndiyo iliyonifanya nigeuke nimtazame.
Hakusema neno. Gia ya tatu,
kisha ya pili, ikaingia bila kubembelezwa,
siku hiyo tu,
injini ikapiga ukelele, akalibana gari ukingoni,
tairi zikisaga jiwe,
tukasimama hatua sita nyuma ya mkokoteni wa miwa.
Mwenye mkokoteni alikuwa anamenya.
Hakugeuka.

"Tangu lini?"
"Tangu Nyaguthii aingie sekondari."

Masta mpya ilikuwa elfu kumi na nne.
Ada ya muhula, elfu kumi na nne na mia tano.
Mia tano zile sijui alizitoa wapi.

Hapana, hakufa garini. Watu husema.
Alikufa kitandani, kwa presha.
Gari halikuwa nayo, yeye alikuwa nayo ya kuzidi.

Basi punguza elfu hamsini kwenye bei, usinishukuru.
Mpelekee Okumbe kabla hujapakia hata debe:
masta, pampu, raba zote, mafuta mapya,
atoe upepo magurudumu yote manne
kuanzia lililo mbali.
Na fimbo ile aifungue, ijifunze tena kupima.

Hiki kiatu cha breki kilicholika sikuuzii.
Ndicho kinachozuia mlango wa duka.

Haya, hesabu.
Hesabu kwa sauti, nami nisikie.